Wembe Umekataa

Mafuta ya kondoo yakikaa na kutu muda mrefu hutoa harufu ambayo sijui niiite nini. Si uvundo, wala si harufu ya kitu cha kuliwa. Majuzi nilifungua lile kopo la Bibi, kopo dogo la mafuta ya kujipaka lililochubuka rangi yote, harufu ikanipanda mpaka utosini, na mimi, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, nikajikuta nageuka kutazama nyuma ya mlango. Wenzangu wa rika langu mtanielewa. Kuna milango mtu haizoei mpaka anakufa.

Nililifungua kwa sababu Mama alikuwa amefariki. Arobaini yake ilikuwa imeshapita, na kwa siku tatu ndugu zangu walijaa uani kwetu hapa Magomeni, Kilosa, wakingoja wembe ukubali, wanyolewe, matanga yaanuliwe, kila mtu arudi kwake. Wembe ulikuwa mikononi mwangu. Kila walipouliza niliwajibu bado, wembe umekataa. Wakanitazama kwa jicho ninalolijua vizuri, maana niliwahi kuliona nikiwa na miaka tisa, likimtazama Bibi.

Kwetu mtu akifa, waliobaki wananyolewa. Shehe wetu hakuipenda mila hii, alisema haimo kwenye dini, lakini siku hiyo ikifika alijikuta ana safari ya shambani kwake Ulaya, hii Ulaya yetu ya huku, basi mambo yakaishia hapo. Na si kila wembe unafaa. Wembe uliowahi kupita kichwani mwako ndio unaokuaga. Ule uliokunyoa nywele za tumboni ukiwa mtoto wa siku saba ndio utakaowanyoa wenzako siku ukiondoka. Kabla haujapita, Bibi alisema, marehemu hakai. Anasimama tu ndani ya nyumba, mtu aliyeaga na hajafunguliwa mlango. Vijana wa leo wanacheka, wana mashine zao za saluni. Wacheke tu, zamu yao ipo.

Bibi alikuwa mama yake Baba. Mumewe, ambaye mimi sikumkuta, alikuwa kinyozi wa kambi ya mkonge, na alipokufa alimwachia mkewe wembe wa kukunja wenye mpini wa pembe, pamoja na mkanda wa ngozi uliokatwa kutoka kwenye mashine ya kuchakata mkonge. Mkanda huo ulining'inia kwenye msumari mlangoni kwa Bibi. Upande mmoja ulikuwa mtupu, laini, umeng'aa kwa kusuguliwa. Upande wa pili ulikuwa mwekundu.

Wekundu ule ndio ulioniharibia utoto. Mimi nilijua ni damu. Hakuna aliyeniambia, nilijua mwenyewe, kwa akili zangu za miaka tisa. Kumbe ilikuwa kutu. Bibi alikuwa na kipande cha reli chakavu nyuma ya jiko, mvua inakinyeshea makusudi, na kila masika yakiisha alikikwangua, akasaga ile kutu juu ya jiwe, akaichekecha kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Halafu aliimwaga kwenye bakuli la maji, akakoroga, akangoja kidogo, akamimina yale maji mekundu kwenye bakuli jingine. Chembe nzito zilibaki chini, hizo alizitupa. Laini iliyoelea ndiyo aliyoikausha na kuichanganya na mafuta ya kondoo. Alifanya hivyo mara tatu. Alisema chembe moja tu ya mchanga ikiingia humo, mkanda wote umekufa na wembe umekufa.

Siku ya kunoa aliuvuta mkanda kwa mkono wa kushoto mpaka ukanyooka kabisa, maana ukilegea makali yanaviringika. Mgongo wa wembe unatangulia, makali yanafuata nyuma. Mwisho wa mkanda unaugeuza wembe kwa mgongo, kamwe si kwa makali, unarudi. Shwaa, shwaa. Upande mwekundu mara ishirini, upande mtupu mara arobaini. Kisha aling'oa unywele kichwani mwake, akaushika kwa vidole viwili ukining'inia, akausogezea wembe. Unywele ukianguka wenyewe bila kusukumwa, alisema, "Umekubali." Ukipinda, "Umekataa," na kazi inaanza upya. Ukishakubali alipaza sauti uani: "Leteni maji!" Hapo ndipo watu walipojua marehemu anaondoka.

Baba yangu alikuwa anauza vitunguu Mikumi, kando ya barabara, mabasi yanaposimama. Alfajiri moja alipanda lori la mizigo kama siku zote, baiskeli yake akaiacha chumbani kwa sababu gurudumu la mbele lilikuwa na pancha. Lori lilipinduka kabla hawajafika. Walipomleta nilifungiwa kwa jirani. Nilichungulia dirishani nikaona jeneza, nikaona watu, nikamwona Mama ameshikwa na wanawake wawili. Baba sikumwona. Mtoto ambaye hakuona hajaambiwa kitu, hata umwambie mara mia.

Basi kwenye matanga nikawa nakaa karibu na wazee na kusikiliza. Mama mmoja wa mtaani akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hiyo mpaka sasa yumo humu ndani?" Bibi akajibu, "Yumo. Mpaka wembe upite." Wale wanawake wakavuta kanga zao wakajifunika vizuri. Mimi moyo ulinidunda kwa furaha. Kumbe yumo! Kumbe hawajamchukua! Na kinachomtoa ni ule wembe tu, na damu yake nyekundu. Jamani, kwa mtoto mwenye akili, kazi iliyobaki ilikuwa ndogo sana.

Siku moja kabla ya arobaini tulikwenda na wasichana wenzangu kufua mtoni Mkondoa. Nilirudi na mchanga wa mto kwenye pindo la kanga, nimeufunga fundo. Bibi alipokwenda msalani niliingia kwake, nikafungua kopo, nikaukoroga ule mchanga humo ndani kwa kidole, kisha nikasawazisha juu pasionekane kitu. Kidole kilibaki chekundu. Nilikifuta chini ya mkeka, na lile doa nadhani lilidumu kuliko mkeka wenyewe.

Arobaini ilipofika uani palijaa watu. Mama alikuwa kwenye eda, amekaa mlangoni kwa ndani, kichwa wazi, nywele zake nyingi zimefumuliwa tayari. Bibi alipaka ule wekundu kwenye mkanda, akaanza. Sauti ilikuwa nyingine. Badala ya shwaa ilitoka sauti kavu ya kukwaruza, kwaruu, kwaruu, mpaka meno yakaniuma. Bibi alisita. Akaendelea. Aling'oa unywele, ukapinda. Akapaka tena, akanoa tena, na kila alivyozidi kupaka ndivyo wembe ulivyozidi kuwa butu. Unywele wa tatu ulipinda ukamzunguka kidole.

"Umekataa," alisema.

Baba mdogo, mdogo wake Baba, alisimama. "Mama, nikimbie dukani nikachukue nyembe za kawaida? Dakika tano tu."

"Nyembe za dukani zinamjua nani humu?" Bibi alimjibu bila kumtazama. "Nendeni makwenu. Hataki kuondoka."

Watu walitawanyika bila hata kumaliza chai. Ndilo lile jicho ninalolisema: walimtazama Bibi, kisha wakautazama mlango wa chumba chetu. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikaruka kamba peke yangu mpaka jasho likanitoka. Nilikuwa nimeshinda.

Sasa mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapopoteza ujasiri wa kusimulia. Asubuhi iliyofuata makubadhi ya Baba, yale ya tairi aliyoyapenda, yalikuwa nyuma ya mlango wa chumbani. Jana yake yalikuwa uvunguni. Ncha zilitazama ndani, kama mtu aliyesimama pale akikitazama kitanda. Najua, mnasema Mama ndiye aliyeyaweka. Hata mimi nasema hivyo. Lakini siku ya pili, alasiri, jua linawaka, kengele ya baiskeli ilipiga mara moja. Kring. Baba alikuwa na desturi hiyo, akiingia uchochoroni anapiga mara moja Mama ainjike maji ya kuoga. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta wa chumbani, pancha vilevile, hakuna mtu humo. Mama alikuwa anamenya mihogo. Aliweka kisu chini, akainuka, akainjika maji. Yalipochemka akayapeleka bafuni na taulo.

Nilifurahi. Acha niseme kweli, nilifurahi mno. Nilikwenda nikasimama mbele ya mlango nikasema, "Shikamoo, Baba." Hakuna aliyejibu marahaba, lakini pazia lilivutwa kidogo kwa ndani, na upepo siku hiyo haukuwepo.

Ila Mama alianza kupungua. Alipakua sahani mbili na hakugusa hata moja. Bangili iliyokuwa inambana mkononi ikawa inateleza mpaka kiwiko. Bibi alimletea uji, akaushika tu mpaka ukapoa. Mchana kutwa alikaa kitandani ameuelekea mlango, anazungumza kwa sauti ya kawaida kabisa, habari za unga, habari za bati linalovuja, kisha ananyamaza kusikiliza, kisha anacheka kidogo. Baba alikuwa mchekeshaji. Kile kicheko cha Mama nilikijua, alikuwa anamcheka yeye tu.

Siku ya tisa nilimkuta amesimama. Amesimama wima, mgongo ukutani, kando ya mlango, miguu imemvimba.

"Mama, kaa."

"Siwezi kukaa mwanangu, na mwenzangu amesimama," alisema. "Miguu inamuuma. Anasema kama hatumfungulii, basi nikasimame naye."

"Usimame naye wapi?"

Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto wa jirani. Hapo ndipo woga uliponishika kweli. Nilikuwa nimembakiza Baba, na sasa anamchukua Mama. Nilikimbia mpaka kwa Bibi ng'ambo ya ua, hata kandambili moja ikanivuka.

Bibi alikuwa ameketi chini, mkanda mapajani. Niliropoka yote kwa mara moja: mchanga, Mkondoa, kidole, mkeka. Nilifumba macho kungoja kofi. Kofi halikuja. Nilipofumbua, alikuwa anapitisha kidole kwenye ile michubuko ya ngozi.

"Nilijua siku ileile," alisema. "Mchanga una sauti yake, mjukuu wangu. Nimenoa mpaka nimezeeka, leo nisiujue mchanga?"

"Sasa mbona hukusema, Bibi?"

Kuku aliingia, akadonoadonoa, akatoka.

"Nilimzaa mimi," alisema. "Nikasema moyoni, si vibaya, siku mbili tatu, naye akaekae. Nasikia anakohoa nikiwa hapa nilipo, nafurahi. Kumbe hakai. Tunamsimamisha, mimi na wewe. Na mama yako ndiye anayelipa."

Kisha akalia. Sikuwahi kumwona Bibi akilia, hata siku ya maziko. Alilia dakika chache, akajifuta kwa pindo la kanga, akaniambia nikaokote kipande cha chupa.

Tulifanya kazi siku mbili. Tuliukwangua mkanda kwa kile kigae mpaka ngozi safi ikatokea, tukauosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tukaukausha kivulini, kwani ngozi ikipigwa jua inakakamaa. Lile kopo tulilimwaga shimoni na kuliosha. Nilisaga kutu mwenyewe, nikachekecha, nikakoroga kwenye maji nikihesabu, nikamimina. Bibi alinisimamisha mara mbili nikarudia, kwa kuwa nilikuwa na haraka na nilimwaga mpaka zile chembe za chini. Wembe aliunoa kwanza kwenye kinoo, jiwe jeusi linalolowekwa maji, kufuta majeraha niliyoutia. Muda wote huo tulimsikia Mama ng'ambo ya ua akizungumza, na sauti yake ilikuwa inazidi kuwa ndogo.

Baba mdogo alipita nyumba kwa nyumba kuwaita watu. Walipofika, Bibi alinipa mimi mkanda niuvute, kisha akanipa na wembe. Mikono yake ilikuwa juu ya yangu. Mgongo unatangulia, makali yanafuata. Shwaa, shwaa. Mara ishirini, mara arobaini. Alipotaka kung'oa unywele wake nilimwambia, "Chukua wangu." Aliung'oa kwenye kipaji, ukaniuma, akaushika. Nilisogeza wembe. Nataka mjue kwamba hata sekunde ile nilikuwa bado naomba upinde.

Ulianguka.

"Sema wewe," Bibi aliniambia.

Nilisema kwa mara ya pili ndipo sauti ikatoka: "Leteni maji!"

Mama alinyolewa wa kwanza, amekalishwa kwenye kigoda, amebebwa hasa, maana miguu ilikuwa haimfikishi. Bibi aliuchovya wembe kwenye maji yaliyochemka na kuupangusa kwa spiriti, kama nesi wa zahanati alivyomfundisha kwa kumfokea, akamnyoa Baba mdogo. Kisha akanigeukia mimi nimesimama nimeduwaa. "Wewe vipi? Mwenzako akinyolewa, zako tia maji." Watu wakacheka, kicheko cha kwanza pale uani kwa zaidi ya siku arobaini. Nilitia maji. Wembe niliounoa mwenyewe ulipita kichwani mwangu na sikusikia chochote, baridi tu.

Jioni hiyo Mama aliomba ugali na mlenda. Akala, akaongeza. Mimi nilikwenda chumbani peke yangu. Wote tulikuwa uani tangu mchana, hakuna aliyeingia, hilo nawaapia. Yale makubadhi yalikuwa palepale nyuma ya mlango, lakini yamegeuka. Ncha zilitazama nje.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alizeeka, akawaona wajukuu na mpaka kitukuu mmoja. Bibi alipoondoka, mimi ndiye niliyenoa. Wameondoka na wengine, nimenoa, unywele umeanguka, nimeita maji bila kusita. Watu wa mtaani wanasema nina mkono mwepesi.

Kwa hiyo mnadhani wembe ulikataa kwa Mama? Ulikubali siku ya kwanza, asubuhi. Unywele ulianguka kabla sijausogeza vizuri. Niliutazama ulipoangukia, nikautupa, nikatoka uani nikawaambia umekataa. Siku ya pili vivyo hivyo. Kwa sababu nilikuwa nazisikia kandambili zake zikiburuta kwenye korido, ule mguu wake wa kushoto uliokuwa mzito tangu azeeke, na mtu mzima aliyefiwa na mama yake si mtu mzima tena. Nilijua ninachofanya. Bibi aliniambia kwa kinywa chake, na bado nikasema moyoni, siku mbili tatu, naye akaekae.

Siku ya tatu, alasiri, mjukuu wangu Tatu aliingia chumbani. Ana miaka minane. Mimi ananiita Bibi, na Mama alikuwa anamwita Bibi Mkubwa. Nilikuwa nimekaa na mkanda mapajani. Habari za Baba na ule mlango sikuwahi kumsimulia mtu yeyote, hata marehemu mume wangu. Leo ndiyo mara ya kwanza.

"Bibi," aliniambia, "Bibi Mkubwa anauliza wembe bado?"

"Nani kakutuma useme hivyo?"

"Yeye mwenyewe. Yuko nyuma ya mlango wa chumbani kwake." Alijikuna mguu kwa mguu mwingine, kama mtoto aliyetumwa na anataka kurudi kucheza. "Nimemwambia akae kwenye kiti, amekataa. Anasema miguu inamuuma."

Niliinuka. Wembe ulikuwa umefunguliwa tayari. Nilifika mlangoni, ndugu zangu wote uani wakageuza vichwa, na nikapaza sauti kabla moyo haujanibadilikia.

"Leteni maji!"